Nywila nyuma ya kalenda: kisa cha SACCOS moja mkoani Tabora msimu wa malipo ya tumbaku

## Usuli

Chama hiki ni SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wakulima katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Tabora. Majina nimeyaacha yote, tarehe nimezisogeza, na viwango vya fedha nimevigusa kidogo ili wahusika wasitambulike. Niliitwa na bodi baada ya fedha za wanachama kupotea. Nilitumwa jambo moja tu: nieleze nani amevunja sera ya usalama wa taarifa. Jibu nililipata siku ya kwanza kabla ya chai ya saa nne. Walikuwa wameivunja wote, kuanzia meneja. Kilichonichukua wiki mbili ni kujua kwa nini, na hilo ndilo ninaloliandikia hapa.

Anayeijua Tabora anaujua mwaka wa mkulima wa tumbaku. Vitalu huoteshwa kabla ya mvua, miche hupandwa mvua zikianza, majani hukaushwa kwenye mabani, na mvua zikishakatika masoko hufunguliwa. Bei hupangwa kwa kilo, fedha hupitia chama cha msingi (ushirika wa wakulima wa eneo), mikopo ya pembejeo hukatwa, na kinachosalia ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Kwa miezi mingi kaunta ya chama kama hiki huwa tulivu hata unaweza kusikia feni. Ikifika Juni na Julai, wanachama wote wanakuja kwa pamoja: shule zinafunguliwa, madeni ya dukani yanadaiwa, bati za nyumba zimesubiri mwaka mzima.

Ofisi ilikuwa na watu sita: meneja, mhasibu, afisa mikopo, makeshia wawili na mlinzi. Mfumo wa kompyuta ulikuwa na miaka mitatu. Fundi wake yuko Dar es Salaam na hupatikana kwa simu, anapopatikana.

Januari ya mwaka huo bodi ilipitisha sera ya usalama wa taarifa baada ya mkaguzi kushauri iwepo. Ilikuwa na kurasa 23, kwa Kiingereza, na ilichukuliwa karibu nzima kutoka kwenye sera ya benki. Ilisomwa kwa nusu saa, wote wakasaini. Masharti yaliyoigusa kaunta yalikuwa haya. Nywila iwe na herufi zisizopungua 12, zikiwamo namba na alama, ibadilishwe kila baada ya siku 30 na isifanane na kumi zilizopita. Mfumo umtoe mtumiaji asipogusa kibodi kwa dakika tatu. Malipo yanayozidi shilingi 500,000, na mabadiliko yoyote ya taarifa za mwanachama, yaingizwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Flashi marufuku. Taarifa za mwanachama zisipite kwenye simu binafsi.

Kila sharti, ukilisoma peke yake, lina akili. Hakuna aliyekaa akayajumlisha na kuuliza yatakula saa ngapi za siku ya keshia mwezi wa Juni.

## Mambo yalivyotokea

Mwanzoni mwa Mei keshia mmoja alianza likizo ya uzazi. Ofisi nzima ilijua tangu Januari kwamba likizo hiyo inakuja, lakini nafasi yake haikujazwa. Alichukuliwa kijana wa muda wa kupanga foleni na kusaidia kuandika vocha. Hakupewa akaunti kwenye mfumo, kwa kuwa sera haikumtaja mtu wa namna hiyo.

Wiki ya kwanza ya Juni malipo ya masoko ya mwanzo yakaingia. Wakulima walifika kwa baiskeli na bodaboda kabla ya jua kutoka, na wa mbali walilala barazani. Waliokuwa na mamlaka ya kuidhinisha ni wawili tu, meneja na afisa mikopo. Afisa mikopo alikuwa masokoni vijijini akifuatilia makato, na meneja alikuwa anaitwa kwenye vikao mjini. Alhamisi moja foleni ilipita watu sitini, hakuna wa kuidhinisha. Keshia akamlilia mhasibu, mhasibu akampigia meneja, na meneja, akiwa ndani ya basi, akamsomea nywila yake herufi kwa herufi. "Tumia leo tu," alimwambia.

Ikaendelea wiki nzima. Mhasibu naye alikuwa na hesabu za makato zisizoisha, na kila baada ya dakika chache alilazimika kuinuka kwenda kuidhinisha. Mwishowe aliiandika nywila nyuma ya kalenda ya ukutani, akamwambia keshia: "Dada, ukikwama geuza kalenda." Kuanzia hapo mtu mmoja akawa anaingiza malipo kwa jina lake na kuyaidhinisha kwa jina la meneja. Siku 30 zilipotimia, meneja alibadilisha nywila kama sera inavyotaka, kisha akaituma mpya kwa ujumbe wa simu. Kalenda hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Nywila mbili zimekatwa kwa kalamu na ya tatu iko wazi.

Ile dakika tatu ya kutolewa kwenye mfumo nayo ilipata dawa yake. Keshia alikuwa akifunga sarafu kwenye mfuko mdogo wa plastiki, anauweka juu ya kitufe kirefu cha kibodi, na mfumo unaamini kuna mtu anaandika. Alikuwa anafanya hivyo akienda kuhesabu fedha kwenye kasiki, akienda chooni, akienda kumsikiliza mzee aliyekuja na tatizo.

Printa ilipoharibika, orodha za salio zikaanza kupigwa picha kwenye skrini na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili afisa mikopo azione akiwa kijijini. Nilipolifungua kundi hilo lilikuwa na namba tisa. Wafanyakazi walikuwa sita.

Katikati ya Agosti mzee mmoja alikuja kuchukua fedha za matibabu, akakuta salio la kwenye mfumo halilingani na kitabu chake. Wakafukua wakapata akaunti nyingine mbili. Jumla iliyotoka ilikuwa shilingi 3,860,000. Njia ilikuwa ile ile mara zote: namba ya simu ya mwanachama imebadilishwa kwenye mfumo, fedha zimetumwa kwenye namba mpya, kisha namba ya zamani imerudishwa. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha mwingizaji ni keshia na mwidhinishaji ni meneja, saa 7:40 mchana, siku ambayo meneja amesaini mahudhurio ya kikao mjini.

Nani alikaa mbele ya kibodi saa hiyo, suala hilo liko polisi na sitalizungumzia.

## Maamuzi ya siku za mwanzo

Wajumbe wengi wa bodi walitaka keshia na mhasibu waachishwe kazi wiki hiyo hiyo. Nawaelewa. Wanachama walikuwa wameanza kusimama vikundi vikundi chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi, na bodi ilihitaji kuonekana imefanya kitu.

Niliwaomba wasubiri, nikawasomea Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kuvunja kanuni, zinataka uangalie pamoja na mengine kama kanuni yenyewe ni ya haki, kama iko wazi, kama mfanyakazi aliijua, na kama mwajiri amekuwa akiisimamia kwa wote bila upendeleo. Hapa meneja mwenyewe ndiye aliyeitoa nywila ya kwanza. Kesi hiyo ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, chama kingekuwa na kazi kubwa ya kueleza kwa nini aliyepokea nywila amefukuzwa na aliyeitoa yuko ofisini.

Bodi iliamua mambo matatu. Wanachama watatu warudishiwe fedha zao kutoka kwenye akiba ya chama ndani ya siku saba, na waelezwe uso kwa uso. Polisi wapewe taarifa, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe kwamba taarifa za wanachama zimeingiliwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. La tatu, nipewe nafasi ya kukaa kaunta kabla ya adhabu yoyote kutolewa. Malipo ya masoko ya mwisho yalikuwa bado yanaingia, kwa hiyo foleni ilikuwepo.

## Siku tatu kaunta

Nilikaa nyuma ya keshia na daftari na saa. Siku ya Jumanne alihudumia wanachama 71. Sarafu hazikuwepo tena juu ya kibodi, hivyo mfumo ulimtoa mara 46. Kila mara kurudi ndani kulichukua wastani wa sekunde 70, kwa sababu mtandao ulikuwa mzito na nywila ndefu hukosewa mtu akiandika kwa haraka. Zidisha upate karibu dakika 54. Saa nzima ya siku yake iliishia kwenye ukurasa wa kuingilia, huku watu wakimtazama kupitia dirisha la kaunta na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu mama anachezea kompyuta.

Kati ya malipo yale 71, 58 yalizidi shilingi 500,000. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya kaunta ya benki yenye wateja wa kila aina, ambako malipo makubwa ni machache. Kwa mkulima wa tumbaku aliyesubiri mwaka mzima, nusu milioni ndipo pa kuanzia. Sharti lililokusudiwa kukamata malipo yasiyo ya kawaida lilikuwa linasimamisha karibu kila malipo.

Nilipitia pia daftari la mahudhurio. Juni na Julai keshia alifungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12:30 jioni, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 63. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Yeye alikuwa na 72 katika wiki nne. Mapumziko marefu niliyomwona akiyapata siku hiyo ya Jumanne yalikuwa dakika 12, amesimama, kikombe mkononi. Fedha za saa za ziada hakulipwa. Alipewa posho ya chakula.

Jioni ya siku ya pili, baada ya kufunga, alizungumza nami bila kuulizwa.

"Kaka, miaka 11 niko hapa. Nimewahi kupungukiwa shilingi elfu mbili, nikalipa mfukoni. Sasa nilikuwa nasaidia watu wasilale barazani siku ya pili, na leo wananitazama kama mwizi."

Nikamuuliza kama anakumbuka alikuwa wapi siku ile saa 7:40.

"Sikumbuki. Nilikuwa nimeinuka, maana nilikuwa nainuka mara nyingi. Nani alikaa pale sijui, na siwezi kuonyesha kwamba si mimi. Hapo ndipo panaponimaliza."

Katika mafunzo yote ya nusu saa, hakuna aliyemwambia kwamba nywila yake ni ushahidi wake. Aliambiwa ni ulinzi wa mali ya chama, na kwa kuwa mali ya chama ni ya wale wanaosubiri dirishani, aliona kuitoa ili walipwe ni kuitumikia vizuri zaidi. Siwezi kumlaumu kwa kufikiri hivyo. Kama angejua kwamba siku fedha zikipotea jina lake ndilo litakalokuwa kwenye kumbukumbu na hana cha kujitetea, naamini angefunga dirisha Alhamisi ile ile.

## Kilichobadilishwa

Meneja, mhasibu na keshia walipewa barua za onyo, zote tatu zenye uzito sawa. Meneja hakuipenda. Bodi ilisimama imara hapo, na ninaamini bila hilo mengine yasingefuatwa.

Sera iliandikwa upya kwa Kiswahili, kurasa nne. Nywila sasa ni maneno manne au matano yasiyohusiana, na haibadilishwi isipokuwa kuna dalili kwamba imejulikana. Mjumbe mmoja aliona huku ni kulegeza usalama. Nikamweleza kwamba hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 iliacha kupendekeza watu walazimishwe kubadili nywila kwa kalenda. Anayelazimishwa kila mwezi huongeza namba moja mwishoni, au huandika ukutani.

Kiwango cha kuidhinishwa kilipandishwa hadi shilingi 2,000,000 katika miezi ya malipo. Kwa hesabu ya Jumanne ile, malipo tisa tu yangehitaji idhini. Kubadili namba ya simu ya mwanachama, ambako ndiko mwizi alikopitia, kulibanwa zaidi: mwanachama aje mwenyewe na kitabu na kitambulisho cha taifa, ujumbe uende kwenye namba ya zamani, na namba mpya isipokee fedha kwa saa 48.

Malipo yalipangiwa siku kwa kila chama cha msingi, na katika siku hizo meneja au afisa mikopo lazima mmoja awe ofisini. Keshia wa msimu ataajiriwa Mei hadi Agosti kila mwaka, na atakuwa na akaunti yake kwenye mfumo. Saa 7 hadi saa 8 mchana makeshia wanapokezana kula.

## Matokeo

Msimu uliofuata nilikwenda mara mbili. Kalenda ya ukutani ilikuwa ya kawaida, pande zote mbili. Keshia alihudumia watu wengi kuliko mwaka uliotangulia na kufunga kabla ya saa 11. Niliposimama karibu yake wakati anaingia, alifunika kibodi kwa mkono wa kushoto bila hata kunitazama. Nilifurahi sana.

Mhasibu hakuvumilia. Aliacha kazi Desemba. Aliniambia kila akisikia simu ya meneja inaita tumbo linamkata. Mmoja wa wale wanachama watatu alirudishiwa fedha zake, akashukuru, akazitoa zote na kuhama.

## Uchambuzi

Mwaka 1999 watafiti Anne Adams na Angela Sasse, nchini Uingereza, walionyesha kwamba watumiaji hukiuka taratibu za nywila kwa sababu taratibu zenyewe hazikai na kazi wanayoifanya. Mwaka 2014 John D'Arcy na wenzake walisogeza mbele: masharti ya usalama yenyewe huleta msongo, kwa wingi wake, ugumu wake na kutotabirika kwake, na mtu aliyesongwa huanza kujitafutia sababu za kuona kwamba kuvunja sharti si kosa. Nilizisikia sababu hizo zote pale ofisini. Ni leo tu. Bosi mwenyewe ameruhusu. Sisi ni familia. Wanachama wanateseka. Ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo lilikuwa ukosefu wa elimu ya usalama. Keshia alijua kwamba nywila haitolewi. Alinitajia hata ukurasa. Alichokosa ni muda wa kutii. Bodi iliongeza kazi ya saa moja kwa siku katika miezi ambayo ilikuwa imempunguzia mtu mmoja kati ya wawili, na haikuona kwamba imefanya hivyo, kwa sababu dakika tatu ikiandikwa kwenye karatasi haionekani kama kazi. Likizo ya uzazi isiyojazwa ilikuwa uamuzi wa usalama wa taarifa, ingawa ilijadiliwa kama suala la mishahara.

Tulikosea pia katika marekebisho, nami nimo. Nilishauri mfumo umtoe mtumiaji baada ya dakika kumi. Juni iliyofuata jamaa wa mwanachama mmoja aliegemea kaunta, akasoma salio la jirani yake kwenye skrini iliyoachwa wazi, na habari ikafika kijijini kabla ya mwenye fedha. Tumerudi dakika tano, na skrini zimegeuzwa. Nilikuwa nimehesabu uchovu wa keshia tu, nikasahau kwamba wanaosimama dirishani wanatoka vijiji vilevile na wanadaiana.

Kiwango cha shilingi 2,000,000 nacho kina gharama. Anayetaka kuiba sasa anaweza kutoa 1,900,000 bila jicho la pili. Pengo hilo tuliliziba kwa meneja kupitia orodha ya malipo yote kila jioni na kusaini. Wiki za mwanzo saini zilikuwepo. Mwishoni mwa Julai nilikuta siku nne mfululizo zimesainiwa kwa kalamu moja, kwa mkao mmoja, bila shaka kwa mkupuo. Meneja sasa ndiye aliyelemewa. Bodi imekubali mhasibu mpya apitie orodha hizo siku ambazo meneja anakuwa mjini, ila sijaona bado kama inafanyika.

Kundi la WhatsApp tulilisafisha, zikabaki namba za walio kazini tu. Picha za skrini hazijaisha. Afisa mikopo bado yuko vijijini mwezi mzima, bado anahitaji kujua nani anadaiwa kiasi gani kabla soko halijafungwa, na bado hana njia nyingine ya kupata orodha hiyo. Nimemwandikia fundi wa mfumo kuuliza kama anaweza kumtengenezea afisa huyo ukurasa wa kusoma tu, unaoonyesha makato bila salio. Printa mpya imepitishwa kwenye bajeti. Hadi naandika, haijanunuliwa.